Viti vya Ghalani Wambaa

Ujumbe wa Fundi Kombo uliniingia Ijumaa asubuhi, nikiwa ubaoni mbele ya wanafunzi wangu wa skuli ya Msuka, chaki mkononi. Aliandika hivi: "Bi Time katutoka alfajiri. Maziko baada ya sala ya Ijumaa. Na jengine, viti vyakazwa tena." Niliusoma mara nne. Maneno ya kifo niliyaelewa mara ya kwanza, na yalikaa kifuani mahali ambapo nilijua yatakaa kwa siku nyingi. Yaliyonirudisha kwenye simu mara ya pili, ya tatu na ya nne ni yale matatu ya mwisho. Niliwaachia watoto zoezi, nikaomba ruhusa, nikatoka. Msuka iko ncha ya juu ya kisiwa na Wambaa iko kule chini kusini, kwa hiyo nilipata muda mrefu wa kujitesa njiani. Nilijiuliza kama ni aibu kuwa na hasira ya viti siku ya kuzikwa mtu. Nilijiuliza kama Fundi alikosea kuniambia, au mimi nimekosea kuelewa. Nilipopita mji wa Chake nilikuwa nimekwishajihukumu mara mbili na kujisamehe mara moja. Halafu nikamkumbuka Bi Time mwenyewe, aliyekuwa akisema chozi lina subira lakini hasira hupoa kama uji, basi uinywe ikiwa moto. Nikaacha kujihukumu.

Habari za kwetu na za utoto wangu nitaziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ninaoutaka ni ule mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada mpya ndani ya bahasha ya plastiki, na nimepata kazi katika nyumba ya sanaa iliyofunguliwa Wambaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la karafuu. Walilitia paa jipya, jukwaa la mbao, taa, na vyoo viwili, lakini kuta zilikataa kusahau, na mvua ikinyesha ukumbi mzima ulinuka karafuu kana kwamba magunia yamo bado. Kwenye kibao cha mbele liliandikwa jina refu lenye maneno kama "kituo" na "jamii". Watu wa Wambaa waliendelea kuliita Ghala. Kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba ya msimu wa kwanza, Jumamosi kumi. Mkurugenzi, Bwana Fadhil, aliletwa kutoka mjini Unguja. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye mashati yaliyonyooka hata saa saba za mchana, na nataka niseme mapema kwamba sikumchukia. Ningemchukia, mambo yangekuwa mepesi.

Chumba nilipata nyumbani kwa Bi Time. Umri wake mwenyewe hakuujua, ila alijua ni ngoma ngapi za harusi aliziongoza kabla maspika hayajaingia kijijini na kuwafanya wapiga ngoma wakae nyumbani. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, na kuta zake, kama kuta za nyumba nyingi za zamani, hazikufika paani. Neno lililosemwa chumba kimoja lilipanda, likavuka, likashuka chumba cha pili bila kupoteza herufi. Siku yangu ya tatu, baada ya Magharibi, nilikuwa kitandani na karatasi zangu, nikawasikia Bi Time na mwenziwe Bi Mchanga, aliyekuwa akimwitikia nyimbo tangu wote wawili wana meno kamili.

"Ntoto wako huyu hatulii," Bi Mchanga alisema. "Namsikia apindua makaratasi kama kuku atafuta mtama."

"Asoma," akajibu Bi Time.

"Asoma n'ni na skuli kamaliza?"

"Asoma kesho. Ataka aijue kabla haijaja."

Walicheka mpaka Bi Mchanga akakohoa. Nami nilicheka kimya ndani ya mto, kwa sababu ilikuwa kweli. Ratiba yangu ya siku ya ufunguzi ilikuwa na mistari kumi na saba. Mstari wa sita ulisema: "Makofi, dakika mbili." Nilikuwa nimezaliwa kisiwani humu, nimehudhuria ngoma, maulidi na harusi zisizo na idadi, na sikuwahi kumwona mtu akipigiwa makofi ya dakika mbili. Chuo kilinifundisha kupanga, kikanisahaulisha nawapangia nani.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa kabla ya wakati, na hilo peke yake lingenitosha, lakini niliendelea kutazama, na kila nilichokitazama kilinitia jasho. Watu walivua viatu mlangoni kama waingiao nyumba ya heshima, kikawa kilima cha kandambili ambacho mgeni rasmi alilazimika kukivuka na viatu vyake vya ngozi. Viti vilikuwa mia na ishirini, vya plastiki ngumu, vitano vitano vimeshikwa kwenye chuma kimoja, zawadi ya wafadhili. Safu nne za mbele hazikukaliwa na mwanakijiji hata mmoja, maana nani atakaa mbele ya wakubwa? Safu za nyuma wanawake walizisukuma ukutani kwa adabu na bila kelele, wakatandika mikeka waliyokuja nayo kwapani, wakakaa. Wanaume wakasimama kuwazunguka. Wachezaji wa ngoma ya msewe, wenye njuga zao za ukindu miguuni, walicheza jukwaani kwa muda wa wimbo mmoja, wakawaona watu wao wako kule nyuma, basi wakashuka na kuwafuata. Mgeni rasmi akabaki peke yake safu ya kwanza, mbele yake jukwaa tupu, nyuma yake vumbi, vigelegele na migongo ya watu mia tatu. Aligeuza shingo mpaka ikachoka. Bwana Fadhil alikuwa ananitazama mimi.

Usiombe kuandika ripoti ukiwa na hofu. Nilitakiwa nieleze kilichotokea na kupendekeza marekebisho. Niliandika kurasa tano, nikafuta, nikaandika tena, na chini kabisa, ili nionekane mtu anayejua dawa, nikaweka mstari mmoja: "Inapendekezwa viti vikazwe sakafuni." Hakuna aliyeniambia niuandike. Bwana Fadhil alizipita kurasa zote tano, akauona huo mstari, akaupigia alama. Katikati ya wiki Fundi Kombo alikuja na mashine ya kutobolea, akatoboa saruji ya ghala iliyokuwa imebeba karafuu za miaka mingapi sijui, akakaza safu zote ishirini na nne kwa bolti na nati, nne kwa kila safu. Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya ngoma ya dufu. Vijana walipiga vizuri, lakini watu wa kwenye viti walikuwa wachache na wamekaa kama wangojao kuitwa kwa daktari. Wengine walisimama nje, wakatazamia madirishani. Huko nje, nilisikia, palikuwa pazuri.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya wanawake peke yao, na ngoma ilikuwa ya Bi Time. Alikubali baada ya kubembelezwa mwezi mzima, na alipokubali alianza kuwafundisha wasichana wanane wa kijijini, uani kwake, jioni baada ya Alasiri: pembe ya ng'ombe inagongwaje kwa kijiti, mguu unaburutwa wapi, mwitikiaji anameza pumzi saa ngapi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona ngoma ile ikichezwa kamili. Mama zao waliolewa kwa spika. Alhamisi alitaka kuuona ukumbi. Niliongozana naye, nimebeba mkoba wake. Aliingia, akavua viatu, akakishika kiti cha kwanza kama mtu amwamshaye mtoto. Hakikusogea. Akakishika cha pili.

"Hivi vimeota mizizi?" akauliza.

"Vimekazwa, Bi Time. Kwa ajili ya utaratibu."

"Ngoma yangu yazunguka. Ngoma iko kati, watu wako pande zote, nami nazungusha uso nawapa kila mmoja haki yake. Sasa mimi nikisimama pale juu ya mbao, hawa wa mbele n'nawapa uso. Wa ubavuni je? Wasichana wangu nyuma yangu je? N'nawapa mgongo?" Alinitazama bila ukali. "Mgongo wampa ntu mliyegombana naye. Hawa sijagombana nao."

Akavaa viatu. Tukaongozana mpaka karibu na nyumba. Hapo akasimama, akajishika goti la kulia. "Goti hili lina ngoma moja tu ndani yake, Raya. Nimelisikiliza. Si mbili. N'likuwa nataka niitoe humo, kwa kuwa ghala lile n'limechambulia karafuu nikiwa msichana na hatukuruhusiwa kuimba. Basi. Itakaa humu humu gotini, nizikwe nayo."

Usiku ule sikula vizuri, na asubuhi nilimwendea Bwana Fadhil na karatasi tatu za hoja nilizozipanga kwa herufi, alif mpaka jim. Alinisikiliza. Akanikaribisha hata chai. Kisha akasema wafadhili wanasubiri picha za watu waliokaa kwenye viti walivyovitoa, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza, na kwamba ukumbi usio na utaratibu utarudi kuwa ghala. "Bi Time ni hazina yetu," akasema, "lakini hazina huwekwa mahali pake. Akiwa hawezi jukwaani, tutaweka kitu kingine." Nilipofungua mdomo akaongeza kwa sauti ile ile ya chai: "Siku kiti kimoja kitakapotoka pale, Raya, na barua yako ya kuacha kazi iwe mezani kwangu."

Chakula cha mchana siku ile kilikuwa shelisheli la nazi na pweza. Nakumbuka kwa sababu niliuhesabu mkono wa pweza, vinyonyeo vyake vidogo, kimoja kimoja, ili nisimtazame Bi Time usoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yakatoka machache.

"Mimi ndiye niliyeandika vikazwe."

Bi Mchanga, aliyekuja kula nasi, aliacha tonge hewani. Bi Time aliendelea kutafuna. Alimeza, akanawa vidole ndani ya bakuli, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Nani kakushika mkono?"

"Hakuna. Niliogopa."

"Uliogopa n'ni?"

Nilifikiri kwanza, na jibu la kweli lilinishangaza. "Nilimwogopa mtu mmoja aliyekaa peke yake, nikawasahau mia tatu waliokaa vizuri."

"Haya," akasema Bi Time. "Umevipanda wewe, utaving'oa wewe. Na pweza huyo ule, kafa bure kama humli."

Sikuwa na hata spana. Sijui nani alimpelekea Fundi Kombo habari, ingawa nyumba ambayo kuta zake hazifiki paani haina haja ya mpelelezi. Jioni alipita, akasimama barazani, akasalimia wazee mmoja mmoja, akaulizia mvua, akaweka kitu kizito juu ya ukingo. "Yakhe, mie n'na maradhi ya kusahau," akasema akiuelekea mtungi. "Naweza kusahau spana yangu hapa mpaka Jumapili, na wala nisijue."

Jumamosi nilifungua Ghala saa mbili asubuhi, nikaingia na Bi Mchanga, wale wasichana wanane na chupa ya mafuta ya nazi, nikakomea mlango wa mbele kwa ndani. Juu ya mlango huo, nje, palikuwa na tangazo lililoandikwa na Bwana Fadhil kwa mkono wake: "Leo ni siku ya wanawake tu. Mwanamume yeyote haruhusiwi kuingia." Alikuwa ameliweka kwa nia njema kabisa. Nati ya kwanza niliigeuza upande usio wake nikaikaza zaidi, ikabidi niikalie spana kitako ili kuilegeza. Ya pili ikalia. Ya tatu ikaja. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na nilitaka sana iache, halafu nikaona kwamba nati inafunguka hata kwa mkono unaotetemeka. Hilo nimelitumia mara nyingi maishani tangu siku ile kuliko kitu chochote nilichosomeshwa. Bolti tulizivuta nje, na kila safu iliyolegea, wasichana waliinyanyua wanne wanne, wakaitoa kwa mlango wa nyuma, wakaipanga uwanjani juani.

Safu ya tisa ilipokuwa inatoka, mlango wa mbele uligongwa.

"Raya. Naona viti nje."

"Ndiyo, Bwana Fadhil."

"Fungua mlango."

"Leo ni wanawake tu, Bwana. Imeandikwa hapo."

Nadhani alilisoma tena tangazo lake. "Mimi ni mkurugenzi," akasema.

Bi Mchanga akasogea mlangoni, mikono imejaa mafuta. "Ati mkurugenzi ni mwanamke? Kama ni mwanamke na aseme, tumfungulie, na kanga tutampa. Kama si mwanamke, kivuli kizuri kiko pale kwenye baraza, akakae. Tutamletea chai."

Wasichana walicheka mpaka wakaiweka safu chini. Bwana Fadhil hakucheka. Aliusogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akasema polepole, "Raya, umefikiri unachokifanya?"

Maisha yangu yote watu wameniambia nafikiri kupita kiasi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kama nimefikiri. "Nimefikiri," nikajibu. "Barua iko ofisini kwako. Nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi asubuhi." Na nikarudi kwenye safu ya kumi.

Wanawake walianza kuja baada ya sala ya Adhuhuri, kutoka Wambaa yenyewe na mpaka Mkoani, na mikeka. Hakuna aliyeelekezwa pa kukaa. Walijipanga wenyewe duara, wazee mbele kwa sababu ya macho, wenye watoto wachanga karibu na mlango. Bi Time aliingia wa mwisho. Alisimama katikati ya saruji, pale ambapo safu ya kumi na mbili ilikuwa, akaipapasa sakafu kwa unyayo mtupu, akapata tundu la bolti kwa kidole gumba, akatabasamu. Pembe ikagongwa. Alianza na nyimbo za zamani, kisha, bila kumwambia mtu, akatia ubeti ambao Bi Mchanga hakuwahi kuusikia, na Bi Mchanga akauitikia kama aliyezaliwa nao:

*Kiti mumekikomea, hamukufunga mguu,*
*Duara hili la watu, halina chini na juu.*

Alizunguka mara tatu nzima. Kila alipofika usawa wa mtu, mtu yule alipata uso wake, nami nilipata wangu, nikiwa nimekaa sakafuni na magoti yenye kutu, ratiba imebaki nyumbani. Mzunguko wa nne aliwaachia wasichana. Hakuanguka wala hakuyumba. Alitoka tu kwenye duara kama mtu atokaye chumbani kwake, akaketi kando yangu, akalinyoosha goti. "Imetoka," akaniambia sikioni. "Yote."

Jumatatu Bwana Fadhil alinijibu barua kwa barua fupi na ya heshima. Sikuwa na kazi tena. Watu wengi waliniambia niombe radhi, na mmoja wao alikuwa mimi mwenyewe, kila siku kwa miezi. Nilijiuliza kama wafadhili wangeleta zaidi, kama ukumbi ungekuwa mkubwa zaidi, kama kulikuwa na njia ya tatu ambayo mtu mwenye akili angeiona. Huenda ilikuwapo. Lakini nilikaa kwa Bi Time mpaka mwaka ukaisha, nikila chakula chake na kusikiliza maneno yakivuka kuta, na Jumamosi zote saba zilizobaki niliingia Ghalani kama mtazamaji, na zote saba zilijaa. Viti vilirudishwa ndani bila kukazwa. Aliyetaka kiti alichukua, aliyetaka mkeka alitandika. Hakuna mtu, hata Bwana Fadhil, aliyetaka kumweleza Bi Time kwa nini vikazwe tena. Alipohamishwa Bwana Fadhil akaja mwengine, na akaja mwengine, nao wote walimkuta bibi mmoja akaaye njiani kwenda Ghalani, wakaona bora wangoje.

Walingoja, basi. Ijumaa hii nilifika Wambaa watu wamekwisharudi makaburini. Nyumba ilikuwa imefurika wanawake mpaka uani. Bi Mchanga alinishika mkono, na tulilia kwanza. Hasira ilikuwa imesubiri, Bi Time alikuwa amekosea kidogo hapo. Fundi Kombo alinikuta upenuni. Alisema ameambiwa na mkurugenzi wa sasa aanze kuvikaza viti Jumamosi asubuhi, na bolti mpya zimeshanunuliwa. "Mie ni fundi, Raya," akasema, macho chini. "Nikikataa mie, ataitwa mwengine."

"Usikatae, Fundi," nikamwambia. "Njoo."

Nyumba ya Bi Time haikutosha kwa kisomo, kila mtu aliliona hilo. Nilichokifanya ni kulisema kwa sauti. Jumamosi baada ya chai wanawake walibeba mikeka ya matanga na juzuu zao, tukapanda kwenda Ghalani. Tulivua viatu. Wale wasichana wanane, watano wao sasa wana watoto, walivisogeza viti ukutani kama mama zao walivyofanya siku ya kwanza, kwa adabu na bila kelele. Tulitandika, tukakaa duara, tukaanza kusoma. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na kuta zilinuka karafuu.

Fundi Kombo alikuja saa tatu, mashine mkononi, na karatasi ya vipimo. Alisimama nje ya mlango, nyuma ya kilima cha kandambili, akasubiri tufike mwisho wa sura. Kisha akakohoa.

"Assalamu alaikum, akina mama. Nimetumwa kutoboa." Alinitafuta mimi kwa macho. "Nambieni nianzie wapi."

Nilikuwa nimekaa usawa wa safu ya kumi na mbili. Chini ya mkeka nililisikia tundu la zamani, duara dogo, limekaa barabara chini ya paja langu.

"Anzia hapa," nikamwambia, na sikuondoka.

Alitazama mduara mzima, uso kwa uso, hakupata mgongo hata mmoja. Akaizungushia waya mashine yake taratibu, akaiweka chini pamoja na viatu.